Betri ya Katikati

Jeylani aliuza mbuzi na kuendesha duka pale Mashuuru, na kwa kupakia lori hakuwa na mpinzani: mbuzi hubanwa ubavu kwa ubavu, asipatikane wa kuanguka. Basi mwaka 2003, aliponunua betri kubwa za sola, naye mbishi hataki kuuliza mtu, akazibana vivyo hivyo ndani ya sanduku la mbao. Jua la Januari halikumsamehe. Zile za katikati zilipata joto, zikavimba, moja ikapasuka, friji ya duka ikazima. Mama yake, Fosiya, aliyeishi kwa sindano za insulini iliyotunzwa katika friji hiyo, ikabidi ahamie kwa jamaa Kitengela penye stima. Kila akipigiwa simu aliuliza nani anakamua mbuzi wake.

Swali hilo lilimchoma mwanawe. Akamwendea Keziah, fundi wa Kitengela aliyeunda fremu za betri. Keziah akamchorea kwa chaki sakafuni: kila betri na kiti chake chenye kingo za chuma, vipande vya tairi chini, boliti ndefu za kukaza fremu nzima, na kati ya betri na betri, nafasi ya vidole viwili.

Hapo Jeylani akaja juu. Barabara ya Mashuuru aliijua yeye. Ukiacha nafasi umeacha pa kuangukia. Keziah alijifuta chaki mikononi.

“Jeylani, ile mbuzi ya katikati hufika aje?”

Jeylani akainama kuutazama mchoro. Hufika ulimi nje, au hafiki kabisa, na miaka yote hiyo alikuwa akimlaumu dereva.

“Acha hiyo nafasi,” akasema.

Kazi ya Keziah ilikuwa kazi, sifa zake apewe. Lori lililobeba betri mpya kwenda Mashuuru lilirukaruka kwenye kila shimo, fremu ikatulia kama sufuria juu ya mafiga. Jeylani alipofunua turubai hakukuta hata tone la asidi, na furaha ikamjaa hadi akacheka peke yake.

Fosiya hakuamini maneno. Alifika dukani jua likiwa utosini, thamosi ya dawa yake kwapani, akakataa hata kiti. Akapenyeza vidole kati ya betri, akaigusa ile ya katikati kama anayegusa paji la mtoto, akatulia hapo.

“Hii haina homa,” akasema.

Akamkabidhi mwanawe dawa aiweke kwenye friji, akaenda kuwakamua mbuzi wake.