Mara Saba kwenye Dawati

Fomu ya uhamisho ilikuwa imejazwa tayari. Ilibaki sahihi yangu tu, na mwalimu mkuu alikuwa ameshanichorea kialama mahali pa kuitia, kana kwamba sijui kusoma. Hapo ndipo damu iliponipanda. Asubuhi mume wangu aliniomba nisiwake, nikamwahidi nitajitahidi. Nilijitahidi mpaka mlangoni.

"Mama, si kwamba tunamfukuza," alisema mwalimu mkuu. "Tunamtafutia mahali panapomfaa."

Mahali penyewe ni shule ya bweni, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Binti yangu ana miaka tisa. Hasemi, na vidole vyake havishiki kalamu, lakini nyumbani tunamwita Bi Mkubwa kwa sababu hakuna linaloamuliwa bila yeye, hata rangi ya mapazia. Sasa wampeleke kwa watu wasiomjua, alale huko, halafu mimi nisubiri likizo ndipo nimwone. Thubutu!

"Kwani kakosa nini?"

"Anasumbua darasa. Anagonga dawati." Akanisogezea jalada. "Mwalimu wake ameandika kila kitu. Nilimwagiza mwenyewe, tusije tukaambiwa tunamwonea mtoto."

Mwalimu wa darasa, kijana ambaye hata mwaka hajamaliza kazini, alikaa pembeni amekumbatia rundo la madaftari. Nikafungua jalada. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Jumatatu, hesabu, saa tatu na nusu: amegonga mara saba. Dakika tano baadaye: mara tano. Jumanne, kusoma: mara moja. Kurasa kumi na moja za mwanangu akigonga.

Nilisoma ukurasa wa kwanza mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Bi Mkubwa amekulia kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, na kuhesabu nilimfundisha kwa vifungo: mimi napanga, yeye anagonga idadi. Ukimuuliza jambo, ndiyo ni mara moja, hapana ni mara mbili. Siku ya kumwandikisha nilianza kulieleza hilo, karani akanikatiza. Ya nyumbani yabaki nyumbani, shule ina utaratibu wake. Nikanyamaza. Nilidhani mwalimu atagundua mwenyewe ndani ya wiki, maana hata muuza maziwa aligundua. Najilaumu kwa hilo mpaka leo.

"Mwalimu," nilimwambia yule kijana, "siku hizo uliuliza maswali gani?"

"Siyakumbuki yote, mama."

"Si una andalio la somo?"

Mwalimu mkuu akaingilia. "Andalio ni la mwalimu. Mzazi haruhusiwi kuliona."

"Basi alisome yeye, mimi nisikilize. Au kuna mtu anaogopa kitu hapa?"

Kijana alimtazama mkuu wake, kisha akafungua daftari la maandalio. "Jumatatu, hesabu. Tatu kujumlisha nne."

Nikaweka kidole kwenye jalada. "Amegonga mara saba."

"Tisa kutoa nne."

"Mara tano."

"Jumanne, kusoma. Je, mkulima alirudi nyumbani?" Akainua macho kutoka daftarini. "Alirudi, mama. Jibu ni ndiyo."

"Mara moja."

Alipofika Alhamisi aliacha kusoma, akajishika mdomo, machozi yakimlengalenga. "Alikuwa ananijibu," akasema. "Muda wote ananijibu, na mimi namtoa nje."

Nilitaka kumrukia. Lakini machozi yake yalikuwa ya kweli, na huyu ndiye niliyemhitaji upande wangu.

Mwalimu mkuu akajikohoza. "Inaweza kuwa bahati tu. Tumwite mtoto, tumjaribu hapahapa."

"Haitwi mtu. Sikumleta shule aje kufanya maonyesho ofisini. Mtihani ameshaufanya, kurasa kumi na moja, na majibu mmeyaandika nyinyi wenyewe."

Akanyakua andalio, akawa analipekua na jalada ubavuni, midomo ikihesabu. Mwisho akapata alichokitafuta. "Ijumaa. Nane kujumlisha tano. Amegonga mara kumi na mbili." Akainua kichwa, uso umemng'aa. "Umeona? Amekosea."

"Nimeona. Basi mpe kosa."

"Unasemaje?"

"Mpe kosa, kwa wino mwekundu, kama mnavyowapa wenzake. Muhula mzima mwanangu hajapewa vema wala kosa, daftari lake linarudi nyumbani jeupe. Na kuanzia kesho nitakaa darasani na mwalimu wake wiki nzima, mpaka amsikie kama ninavyomsikia mimi. Hii fomu siitii sahihi, leo wala mwakani."

Kijana ndiye aliyechomoa daftari la Bi Mkubwa kwenye rundo lake, akatafuta kalamu nyekundu. Akaandika swali la kwanza na jibu lake, akaweka vema. La pili, vema. Akaendelea hivyo, pua akiifuta kwa mgongo wa mkono, mpaka nane kujumlisha tano. Akaandika kumi na mbili. Hapo akasita, akanitazama.

"Weka," nikamwambia.

Akaweka kosa.