Mwanafunzi wa Marehemu Boga

Saa mbili na robo asubuhi gari la hoteli lilisimama mbele ya jengo la Mwalimu Boga, kwenye nyika za kupita Taru. Wakateremka wageni wanne wa Nairobi waliokuwa wamelala Diani, kila mmoja na kamera yake. Maxwell, aliyekuwa akiwaongoza, aliwaambia kwamba hapa hapaishi mtu. Ziara yake aliiita Magofu ya Nyika: makanisa yaliyofungwa, shule zilizofungwa, na chakula cha mchana ndani ya boksi.

Nyuma yao aliteremka Gerishom, ofisa wa elimu, aliyeomba lifti ili aje kuthibitisha kwamba jengo ni tupu na Maxwell apate kibali chake.

Jengo hilo lilikuwa kanisa Jumapili na shule siku nyingine. Gerishom mwenyewe ndiye aliyelifunga. Alikuja kuhesabu wanafunzi katikati ya kiangazi, wakati huku hata mjinga anajua kwamba watoto wamefuata ng'ombe malishoni pamoja na wazazi wao. Hakuuliza mtu, maana kuuliza kungemchelewesha kurudi Kwale. Akaandika sufuri. Mwalimu Boga akahamishwa Msambweni, akafa huko kwa homa, na Jumatatu iliyofuata chaki ikaanza tena kuandika ubaoni kwa mwandiko wake.

Asubuhi hiyo ilikuwa ikiandika hesabu za sehemu. Kadzo, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa dawatini akinakili. Menza, baba yake, alikuwa mlangoni na fomu ya mtihani wa Gredi ya Sita. Usajili ulikuwa unafungwa siku hiyo, na bila mtihani huo Kadzo asingepokelewa shule nyingine yoyote.

"Maxwell, mwambie huyo mtoto asogee," mgeni mmoja alisema. "Anaharibu picha. Panatakiwa paonekane pameachwa."

"Sister, toka kidogo, dakika mbili tu," Maxwell akasema.

Kadzo alitoka na daftari lake akasimama juani kwa nusu saa. Chaki iliwaandikia wageni *Kaeni kimya*. Wakaipiga picha, mmoja akasema mwandiko ni mzuri, wakaendelea kupiga kelele. Wamesoma sana, lakini adabu wameiacha kwao.

Menza alimpa Gerishom fomu. Mahali pa saini ya mwalimu alikuwa amepapaka masizi ya chungu ili chaki ionekane, na saini ilionekana vizuri kabisa.

"Ni yake," Gerishom alisema. "Nilisoma naye chuoni. Lakini marehemu ameondolewa kwenye orodha ya walimu."

"Anafundisha kila siku, bwana."

"Sikatai. Hana ruhusa. Na shule yenyewe haina mwanafunzi."

"Shikamoo," alisema Kadzo, aliyekuwa amesimama kati yao.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Gerishom akafungua jalada lake, akamwonyesha Menza ile sufuri kwa kidole, taratibu, kama anayemfundisha kusoma. Menza alisoma darasani humu humu na kusoma anajua. Alitamani kumtemea mate, akayameza. Maxwell alipata kibali chake, kikagongwa muhuri juu ya boneti ya gari, na wakaondoka wakila.

Siku ya mtihani chaki iliandika ubaoni maswali arobaini. Kadzo aliyajibu yote, chaki ikasahihisha, akapata thelathini na tisa. Menza aliyanakili matokeo kwenye karatasi safi, akapiga kiguu na njia hadi Kwale, akaambiwa ofisini kwamba hakuna faili la kuyaweka.

Jumatatu Kadzo alibaki nyumbani kutwanga mahindi. Saa mbili kamili chaki iliandika tarehe, kisha jina lake, na mbele yake: *Hayupo. Sababu haijulikani.*