Kuogesha Magurudumu

Mgongo wa Nahodha ulipogoma kuinama, spana ilihamia mkononi mwa mkewe, na majirani, ambao kwa kubandika watu majina hawakuwa na mvivu hata mmoja, wakaanza kumwita Mama Spana. Hakuchukia. Alisema afadhali jina la kitu kinachokaza kuliko jina la kitu kinachovuja.

Mali yao ilikuwa pikapu iliyochoka, boti ndogo yenye injini, na tela la magurudumu mawili la kuibebea. Kila wiki walimvusha muuguzi wa zahanati, waliyemwita Sista, pamoja na sanduku lake la barafu lenye chanjo za watoto, kwenda ng'ambo ambako barabara haifiki. Mabwawa yalikuwa kadhaa, na kila wiki ilikuwa zamu ya bwawa jingine. Ndiyo maana tela lilikuwa na kazi nyingi kuliko boti yenyewe.

Wiki iliyopita gurudumu la kushoto lilinata wakiwa njiani. Beringi iliungua, tairi likapasuka, na boti ikalala ubavu kando ya barabara kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Barafu ikayeyuka. Sista hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatisha.

"Kina mama walikaa ufukweni na watoto mgongoni mpaka wakakata tamaa," alisema. "Nawapa safari moja tena. Tela likinigomea, namtafuta mwenye boti mwingine, na msinichukie."

Hawakuwa na kazi nyingine. Mama Spana alipiga magoti kando ya kitanda akaomba kwa maneno machache, maana aliona Mungu si mtu wa kuzungushwa. "Baba, usituondolee kazi hii kabla hujanionyesha kosa liko wapi. Ukinionyesha, nitalishughulikia mwenyewe." Kisha akajifunga kitambaa kichwani, wakaenda kwa Kipara.

Kipara alikuwa muuza matairi, na kichwani alikuwa na nywele tele. Jina alilipata enzi zile kwa sababu ya bidhaa zake, matairi yaliyoisha meno. Siku hizi alikuwa ameokoka na matairi yale aliyachoma moto, lakini jina halikukubali kuchomeka.

Nahodha aliingia dukani akaenda moja kwa moja kwenye tairi moja nene, akalipiga kofi. "Hili hapa! Tazama meno yake. Linatafuna barabara hili."

"Hilo la gari dogo, mzee," Kipara alisema. "Ubavu wake laini, limetengenezwa ili abiria wakae raha. Boti haitaki raha, boti inayumba. Tela linataka ubavu mgumu."

Mama Spana hakuyatazama meno. Asubuhi ile alikuwa ameyakagua matairi yao ya zamani na kukuta meno yamejaa, ila ubavuni pana nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Hayakuisha kwa kutembea. Yaliisha kwa kusimama juani wiki nzima yakingoja safari. Akachuchumaa, akafuta vumbi kwa kidole, akatafuta tarakimu za wiki na mwaka wa kutengenezwa.

"Huyu mwenzetu alizaliwa lini?"

"Mama Spana," Kipara alicheka, "unanunua tairi au unaposa?"

"Vyote viwili lazima ujue umri."

La kwanza lilikuwa jipya kwa macho tu. Lilikuwa limezeekea dukani. Akalisukuma pembeni. Kipara akavuta mengine kutoka nyuma, akamwonyesha namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba. Mama Spana akajumlisha kichwani boti, injini, madumu ya mafuta na tela lenyewe, akagawa kwa mawili, kisha akataka tairi linalobeba zaidi ya hapo, ili nguvu ibaki. Akachagua mawili ya kipimo kimoja, kama mapacha. Halafu akaongeza la tatu.

"La tatu la nini?" Nahodha aliuliza. "Tela lina miguu miwili."

"Na wewe una mgongo mmoja. Likipasuka tena, nani atalisukuma?"

Kipara akageuka kutazama ukuta ili asicheke mbele ya mzee. "Upepo," alisema alipopata sauti, "jazeni tairi likiwa limepoa, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni. Msijaze kwa kukisia. Gurudumu dogo hukimbia sana kulifuata gari, kama mtoto anayeshikwa mkono na baba mwenye miguu mirefu. Likipungukiwa upepo, linapata moto."

Nyumbani, Mama Spana aliweka mawe ya kuzuia tela lisibingirike, akaliinua kwa jeki, akafungua na gurudumu la kulia, lile ambalo halijaungua. Alipotoa kifuniko cha kitovu chake, pale katikati beringi inapokaa, alishangaa. Grisi ndani ilikuwa nyeupe, nyepesi, kama uji wa mtoto. Maji yalikuwa yameingia licha ya sili, ule mpira unaoziba kitovu.

"Grisi ya siku hizi haina dini," Nahodha alisema akiwa kitini. "Nimebadilisha sili, nimebadilisha beringi, nimebadilisha hata duka. Kuna mtu ana kijicho na tela langu."

"Kijicho kinaleta maji?"

"Kinaleta kila kitu."

Hakubishana. Alisafisha kitovu kwa mafuta ya taa, akakikausha, akachukua beringi mpya. Aliweka grisi kwenye kiganja na kuisukumiza ndani ya beringi mpaka ikatokea upande wa pili. Akapachika sili mpya, akakaza nati huku akizungusha gurudumu, kisha akailegeza kidogo ili beringi ipumue, akatia pini. La kushoto akalifanyia vivyo hivyo. Kazi nzuri. Lakini moyo haukutulia, maana kazi nzuri kama hiyo ilikuwa imefanyika mara nyingi kabla, na bado grisi iligeuka uji.

Akaingia jikoni kumpozea mumewe uji wa kweli. Aliumimina wa moto kwenye chupa ya plastiki, akakaza kifuniko, akaizamisha kwenye beseni la maji baridi. Alipogeuka kuitazama, chupa ilikuwa imeingia mashavu ndani kama bibi asiye na meno. Ilikuwa inavuta. Ingekuwa na tundu, ingeyanywa maji ya beseni.

Mama Spana akasimama na mwiko mkononi. Mungu akitaka kukujibu hachagui chumba.

Nahodha alikuwa na desturi yake. Akifika bwawani hakuzima hata injini. Alirudisha tela nyuma moja kwa moja mpaka maji yafunike vitovu, akatega sikio kusikia magurudumu yakitoa mvuke, akitabasamu. "Mnyama akitoka safari huogeshwa," angesema. Kwake hayo yalikuwa mapenzi. Miaka yote hiyo alikuwa anavitosa vitovu vya moto kwenye maji ya baridi, navyo vinavuta maji kupitia sili, kama ile chupa.

Alimweleza. Nahodha akacheka mpaka mgongo ukamkemea. "Sasa tela langu limekuwa chupa ya uji? Mke wangu, nimeyaogesha magurudumu haya kabla wewe hujajua kushika spana."

"Na tangu hapo yanaharibika."

Kicheko kikakatika. Akachukua uji wake akaenda kuunywea nje.

Siku ya safari walimpitia Sista mapema. Walipokwenda kidogo Mama Spana akamwomba Nahodha, aliyekuwa usukani, asimamishe gari, akashuka kukaza nati za magurudumu upya, moja kisha ile inayoikabili, maana gurudumu jipya hulegea likianza kazi. Sista alitazama saa. Sanduku la chanjo alilipakata kama mtoto.

Bwawani, Nahodha aligeuza pikapu na kuanza kurudi nyuma kuelekea majini. Mama Spana akaruka chini kabla gari halijashika kasi, akaenda kusimama kati ya tela na maji.

"Ondoka hapo!" Nahodha alitoa kichwa dirishani.

"Vitovu vina moto. Tungoje vipoe."

"Watu wanatungoja ng'ambo!"

"Basi pita juu yangu."

Sista akashuka, uso umekunjamana. "Tela limeharibika tena?"

Mama Spana angeweza kutafuta uongo mdogo. Lakini mtu hawezi kuomba ukweli asubuhi na kuukimbia mchana.

"Halijaharibika, Sista. Lakini likiingia majini sasa hivi, litaanza kuharibika. Si leo. Safari ya tatu au ya nne litatulaza njiani kama wiki iliyopita. Niambie, barafu yako itavumilia?"

Sista aliinua kifuniko cha sanduku, akatazama kipimajoto, akakifunga haraka. "Itavumilia. Mimi ndiye sina uhakika."

Wote wakamtazama mtu aliyeshika usukani. Nahodha alikuwa ameuma mdomo. Maji yalikuwa pale nyuma yake, na Mama Spana alisikia injini ikinguruma kila mguu wake ulipocheza juu ya pedali. Kisha injini ikazimika. Ndege mmoja akalia majini.

Akashuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaenda kuweka kiganja juu ya kitovu cha kushoto. Akakiondoa upesi.

"Bado," alisema.

Wakangoja. Sista alipanga kadi za watoto juu ya boneti. Mama Spana aliomba kimyakimya, na ombi lenyewe lilikuwa neno moja tu: poa. Nahodha alikwenda kushika kitovu, akarudi, akaenda tena, kama baba anayepima homa. Mwishowe kiganja chake kikakaa pale bila haraka.

"Haya. Lioge sasa."

Walivuka. Ng'ambo kina mama walikuwa wamejaa, na watoto walilia kila mmoja kwa zamu yake. Waliporudi na kuipandisha boti, Nahodha akamwambia mkewe afungue kifuniko kimoja, mbele ya Sista, sasa hivi. Ndani grisi ilikuwa ya manjano, nzito, vilevile alivyoiweka.

Nahodha aliichukua kidogo kwa kidole, akaisugua, akaitazama kwa muda mrefu. "Kumbe," alisema. Hakuongeza neno, naye mkewe, kwa rehema, hakudai lingine.

Sista alikuwa anafunga sanduku. "Wiki ijayo ni bwawa la juu. Njia ni ndefu na magurudumu yatapata moto zaidi."

"Tutangoja," Mama Spana alisema.

"Najua mtangoja. Basi mtangulie mapema, mngoje kabla mimi sijafika. Mimi nitakuja na gari la zahanati."

"Kwa hiyo kazi ni yetu?" Nahodha aliuliza.

"Kwani nimemtaja mtu mwingine?"

Akaingia garini. Mama Spana akabaki nyuma akifuta matairi tope kwa kitambaa, na mumewe akamshikia ndoo, kwa kadiri mgongo ulivyomruhusu.