Dawati la Mbele la Ralitsa

Asubuhi ya kufungua shule nilivaa suti yangu ya buluu, ile ambayo dada yangu husema inanifanya nifanane na mkata tiketi wa treni, na nilikuwa na furaha. Naanza na hilo kwa sababu hapa kijijini wanapenda kusema Mwalimu Denka hajui kufurahi. Siku ile nilifurahi. Tulikuwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Alikuwa mmoja tu, lakini alitutosha. Ofisi ya elimu ilikuwa imeshatuambia waziwazi kwamba tusipopata mtoto wa darasa la kwanza mwaka huu shule inafungwa, na watoto waliobaki watakuwa wanapandishwa basi kila alfajiri kwenda mjini, ng'ambo ya mlima. Nusu ya nyumba za kijiji chetu zina kufuli. Vijana wako Uhispania wanachuma stroberi, wengine wako Ujerumani wanawaogesha vikongwe wa watu, na sisi tuliobaki umri wa kuzaa umeshatupita. Kwa hiyo Ralitsa, binti wa Plamen na Galya, ndiye aliyekuwa shule yetu nzima, na mwenyewe hana habari. Kiangazi chote alikuwa akiwafukuza kuku wa bibi yake wakae mstari mmoja, awafundishe kusoma.

Akina mama walileta mkate na asali, na chapati za jibini za kuoka. Mwalimu Elka, ambaye hufundisha madarasa yote madogo ndani ya chumba kimoja, alifunga maputo mlangoni. Bwana Hristov wa ofisi ya elimu naye alifika mapema, mdomo umejaa jibini kabla hata hajasalimia. Alikuja kumwona mtoto kwa macho yake, kwani kuna vijiji vilivyokuwa vikiandikisha watoto ambao zamani walishahamia nje.

Plamen alinikuta nyuma ya jengo, kwenye rundo la kuni, nikijaribu kunyoosha bendera. Huyu Plamen nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Alikuwa na tai shingoni, nikamtania kwamba amependeza mno, au anaoa tena? Hakucheka.

"Mwalimu, sisi tunaondoka leo," alisema.

"Mnaondoka kwenda wapi?"

"Uhispania. Ndege ni ya jioni. Mizigo iko garini."

Nilidhani ananirudishia utani. Kisha nikamtazama vizuri. Akanieleza, macho chini, kwamba kazi imepatikana kwenye mashamba ya huko, na wasipofika wiki hii nafasi yao wanapewa wengine. Walikuwa wanajua tangu Julai. Wakashindwa kumwambia mtoto, maana kila usiku alikuwa akiuliza shule inafunguliwa lini. Mwishowe wakaamua angalau aje avuke maji ya baraka yanayomwagwa kizingitini, apige kengele, apate picha ya kumbukumbu. Mengine atayasikia garini wakishavuka mlima.

"Kwa hiyo shule yangu mmeifanya studio ya picha," nilimwambia.

"Usiniseme hivyo, Mwalimu."

"Nikusemeje, Plamen? Nikupe hongera?"

Hasira ilipopungua nikaanza kubembeleza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu niliyemfundisha. Nilimwambia nyumba ya mwalimu iko wazi, wakae bure. Nikamwambia kuni zipo, na nitazungumza na watu wa kiwanda cha mbao. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama enzi zile alipokuwa hajafanya kazi ya nyumbani. Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba kiwanda cha mbao kimefungwa tangu masika. Nilikuwa najua. Kila mtu alikuwa anajua. Nilikuwa nataja tu chochote kilichonijia mdomoni.

"Na Hristov nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Hadi waje kugundua, miezi itakuwa imepita."

Sikupata muda wa kumjibu, kwa sababu Elka alikuwa ananiita kwenye kipaza sauti.

Hotuba ile nimeisoma miaka na miaka, naweza kuisoma usingizini. Wapendwa wazazi, wapendwa wanafunzi, karibuni katika mwaka mpya wa masomo. Safari hii nilikuwa nimeongeza sentensi moja, na niliitunga kwa majivuno, ya kumkaribisha mwanafunzi wetu mpya atakayekua mikononi mwetu. Nikaifikia. Nilitamani kuiruka, lakini Ralitsa alikuwa mbele kabisa, na maua makubwa kuliko kichwa chake, ananitazama bila kupepesa. Nikaisoma. Watu wakapiga makofi, nami nikachukia kila kofi.

Bibi Stanka, mama yake Plamen, alimwaga maji ya ndoo ya shaba kizingitini ili masomo ya mjukuu wake yatiririke. Alilia sana. Majirani walisema ni furaha, wakamshika mabega. Mtoto akavuka maji kwa hatua ndefu, viatu vyeupe juu juu, akapewa kengele. Aliipiga kwa mikono miwili na akagoma kuacha, mpaka Elka akamnyang'anya, uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilisimama na tabasamu ambalo sikujua nilibandue vipi.

Bwana Hristov alinipa mkono. "Hongera, mama. Mmenusurika," alisema. Nilifungua kinywa nimweleze ukweli. Nikamshukuru. Nilijiambia nitampigia simu kesho, ingawa hata hilo sikuwa na hakika nalo. Akafunga kipande cha chapati ndani ya karatasi, akaingia garini mwake, akaenda zake.

Watoto waliingia darasani na wageni wakaanza kutawanyika. Nilipotoka getini nilikuta gari la Plamen linanguruma. Galya alikuwa kiti cha nyuma, amejifunika uso kwa mtandio. Plamen ameshika mlango, hapandi wala hatembei.

"Kamchukue wewe, Mwalimu," aliniomba. "Wewe anakusikiliza."

"Ni mwanao."

"Akiniangalia sitaweza. Nitabaki. Na nikibaki, tutakula nini?"

Nikiri kwamba hapo shetani alinipitia. Ningekwenda tu ofisini nikafunga mlango, nikakaa. Plamen asingethubutu kuingia darasani, muda ungekwenda, ndege ingeondoka bila wao, na shule ingekuwa na mtoto. Nilisimama pale nikilipima jambo hilo kwa dhati, si kwa mchezo. Kisha Galya akashusha mtandio akanitazama kupitia kioo. Hakuniomba kitu. Sikuwa na cha kumpa huyu mama, wala cha kumzuilia. Niligeuka nikarudi ndani.

Nilipofungua mlango watoto wote walisimama kwa heshima. Ralitsa alikuwa dawati la mbele, peke yake, na alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Elka alinitazama usoni, akaelewa kuna jambo, akaweka chaki chini.

"Ralitsa, chukua mkoba wako," nilisema. "Mama anakungoja."

"Tumeshamaliza?"

"Kwa leo, tumemaliza."

Hakulalamika. Alinionyesha daftari lake: mstari mmoja wa vijiti vilivyolala upande na nusu mstari wa ndoano. Akaniambia ndoano ni ngumu, lakini kesho atazimalizia. Mkoba akaubeba mtupu. Daftari, penseli na maua aliviacha juu ya dawati, akavipanga vizuri, kwa sababu hakuona haja ya kuvibeba kwenda na kurudi. Nilipaswa kumwambia avichukue. Nilisimama tu nikimtazama anavipanga.

Mlangoni alisita, akamtazama kwa mashaka mvulana wa dawati la nyuma.

"Mwambie Kiril asije akakaa pale kwangu."

"Hatakaa mtu," nilimjibu.

Aliniamini, akanipa mkono, tukatoka.