Biskuti Tatu kwa Siku

Pasi ilipopita juu ya mfuko wa shati la baba yake, harufu ya dagaa ikapanda pamoja na mvuke.

Mama Pasi aliisimamisha pasi, akainama kunusa, kama mtu anayefunua chungu kisicho chake. Shati lilikuwa limefuliwa jana yake, likasuuzwa mara mbili, likaanikwa juani mchana kutwa. Dagaa hana kazi kwenye shati la mzee wa miaka themanini na mmoja ambaye tangu azaliwe hali samaki. Akaupindua mfuko nje ndani. Kwenye kona ya mshono, pale ambapo mafundi wote huacha kijinafasi cha kufugia uchafu, palikuwa na chembe za kahawia zilizolowa zikakauka tena. Alichokoa moja kwa ukucha akaiweka ulimini.

Ladha ile aliijua. Alikuwa ameipika mwenyewe.

Kwenye kona ya chumba, chini ya safu ya makoti meupe yaliyotundikwa, Karani alikuwa anajikuna. Karani ni mbwa, mwekundu wa udongo, sikio moja limesimama na jingine limestaafu. Alikuwa anajikuna kwapani kwa mguu wa nyuma, na kila akijikuna goti lake lilikuwa likigonga sakafu, to-to-to-to, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Tumbo lake lilikuwa jekundu. Nywele zilikuwa zikiruka hewani taratibu, zikizunguka, zikitafuta nguo nyeupe ya kutulia.

Ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Mama Pasi alikuwa akipiga pasi nguo za watu kwa miaka ishirini, na mteja wake mkubwa alikuwa kliniki ya meno ya mtaa wa pili: makoti kumi na mawili kila Jumatatu, kumi na mawili kila Alhamisi. Mwezi uliopita dada wa mapokezi alikuja mwenyewe, mkoba begani.

"Mama, sisemi kwa ubaya," alisema. "Lakini mgonjwa amelala pale, amefumbua mdomo, daktari ananyoosha mkono, na kwenye mkono wa koti kuna nywele ya mbwa. Mgonjwa akafumba mdomo. Hakufumbua tena."

Walimpa hadi mwisho wa mwezi.

Mbwa mwenyewe hakuwa wake. Alikuja na baba yake, miaka miwili nyuma, baada ya mama kufariki. Mzee alishuka na sanduku moja, redio, kisu cha mkate chenye mpini wa mbao, na Karani. Alipoulizwa mbwa wa nini ndani ya chumba na sebule, alisema, "Nimemkuta kwenye sanduku." Huyo ndiye mzee. Alikuwa mkagua tiketi kwenye treni kwa miaka thelathini na minane, na uongo wake wote alikuwa akiusema uso ukiwa mkavu.

Daktari wa wanyama alimkagua Karani kwa taa na kwa kitana. Si viroboto, alisema, wala si upele wa kuambukiza. Ngozi inawashwa kwa sababu ya kitu anachokula. "Mama, wiki nane asiguse ngano, wala kuku, wala maziwa na vitu vyake. Hata punje. Ukivunja siku moja, unaanza upya." Akamwandikia namna ya kutengeneza biskuti: viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, unga wa shayiri, dagaa waliolowekwa hadi chumvi ikatoka yote kisha wakatwangwa, na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Usitie sukari. Usitie kitunguu. Chakula chake kingine kiwe viazi na samaki hivyo hivyo.

Mama Pasi alizioka Jumapili kwa Jumapili, kwenye oveni ndogo ya mezani. Alizikata kwa kizibo cha chupa ya sabuni, akazitoboa kwa uma zisiumuke, akazionja, maana mpishi asiyeonja ni mwizi, hata akipikia mbwa. Kopo akamkabidhi baba yake. Tatu kwa siku: asubuhi, saa nne, na jioni. Kila jioni alikuwa akifungua kopo na kuhesabu, na kila jioni hesabu ilikuwa sawa. Wiki sita, haikuzidi hata moja, haikupungua hata moja. Na Karani alikuwa akijikuna vilevile.

Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Saa sita mchana shemeji yake, mume wa mdogo wake, angekuja na pikapu kumchukua mbwa, akafungwe mnyororo kwenye kiwanda chake cha matofali. Mzee alikuwa ameambiwa. Alizima redio tu, na tangu Jumatano haikuwa imewashwa.

Mama Pasi alilirudisha shati mezani. Akaipitisha ncha ya pasi kwenye mkono wa kulia, polepole. Pasi haimsitiri mtu. Doa la mafuta likajitokeza chini ya joto, la duara, la ukubwa wa kidole gumba. Alilinusa. Siagi.

"Aa," alisema.

Ilikuwa inakaribia saa nne. Aliingia kati ya makoti yaliyotundikwa, akajisimamisha humo kama koti la kumi na tatu, akaacha jicho moja nje.

Mzee alikuja na kikombe chake cha chai, akaketi. Akatoa mkate. Kisu kilipogusa ganda tu, Karani aliacha kujikuna, akaja, akakaa pembeni ya kiti, sikio moja juu. Mzee alikata kona ya mkate, nyembamba kama kidole. Akaipaka siagi. Akatazama dari, kama mtu anayewaza mvua, na mkono ukashuka chini ya meza wenyewe. Ulirudi mtupu.

Kisha akafungua kopo, akatoa biskuti moja, akaichovya kwenye chai hadi ikalainika. Akafumba macho. Akaimeza kwa uso wa mtoto aliyeshikwa pua anyweshwe dawa, akafuatisha na chai.

"Tamu?" Mama Pasi aliuliza, kutoka kwenye makoti.

Mzee hakushtuka. Mtu aliyewakamata wasio na tiketi maisha yake yote anajua mtu anavyotakiwa kukaa akikamatwa.

"Chumvi haijakolea," alisema.

"Haina chumvi, Baba."

"Ndicho ninachosema."

Alitoka kwenye makoti, akavuta kiti. "Umeanza kuzila lini?"

"Tangu za kwanza."

"Tatu kila siku?"

"Ulisema tatu." Alijifuta midomo. "Zingebaki, ungejua. Kuzitupa siwezi, ni chakula. Ikabidi hesabu itimie."

"Na ile ya asubuhi inakaa mfukoni."

"Asubuhi unanitazama. Naila nikitoka nje."

Mama Pasi alitaka kukasirika. Hasira aliiita, ikaja hadi mlangoni, ikaona mikono ya baba yake imeng'ang'ania kikombe, ikageuka ikaenda zake. "Si ungempa yeye tu, Baba? Zake ni zake."

"Nilimpa. Ya kwanza aliila vizuri." Mzee alikigeuzageuza kisu mezani, kile cha mpini wa mbao. "Halafu nikakata mkate. Akaja. Mama yako alikuwa anamkatia kona, unajua? Miaka tisa. Hata siku ile ya mwisho alipoweza kukaa, alikata kona. Sasa huyu anasikia kisu, anakuja, anaangalia mlangoni kwanza kama yupo. Ndiyo ananiangalia mimi, na biskuti haigusi." Akakilaza kisu. "Nikamwambie nini? Daktari amekataza?"

To-to-to, goti la Karani likagonga chini ya meza.

"Nilidhani kipande kidogo hivyo hakina neno," mzee alisema. "Kidole tu."

"Kidole mara tatu, kwa wiki sita, kimepakwa siagi."

"Siagi kidogo."

"Baba, mbwa hajawahi kuanza dawa. Leo anaondoka kwa ugonjwa ambao hatujautibu hata siku moja."

Mzee aliinamisha kichwa. Mkono wake ulishuka tena chini ya meza, safari hii mtupu, ukakaa juu ya kichwa cha mbwa.

Mama Pasi aliuliza, "Na ule mwasho wako wa mgongoni, uliokuwa ukikukosesha usingizi?"

"Umepungua sana," mzee alisema, bila haya.

Hapo ndipo Mama Pasi alipocheka, akacheka hadi akashika meza, na mzee akamtazama kwa uso wake mkavu akisubiri amalize.

Alipomaliza alijifuta macho kwa pindo la khanga, akachukua simu. Dada wa mapokezi alipokea.

"Dada, makoti ya Jumatatu nitayapigia pasi hukohuko kwenu. Nina pasi yangu. Nipeni meza na mahali pa kuchomeka waya, nitakuwa nafika alfajiri, nyie mkija nimeshaondoka."

"Na mbwa, mama?"

"Mbwa atabaki nyumbani. Hana miadi ya meno."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kucheka. "Nitamuuliza daktari. Lete pasi Jumatatu tuone."

Tuone si ndiyo. Lakini si hapana. Pasi ina uzito, na kliniki iko juu ya kilima, na magoti yake hayakuwa mapya. Aliyajua yote hayo alipoiweka simu.

Shemeji alifika saa sita na nusu, jasho linamtiririka, kamba mkononi na paja la kuku wa kukaanga kwenye karatasi. "La kumvutia apande," alieleza.

"Rudi nalo, shemeji. Haendi."

"Haendi vipi? Nimetoka kule kote."

"Ndiyo. Pole kwa safari. Kaa unywe chai."

Alikaa, akinung'unika. Mama Pasi alimsogezea kopo. Shemeji alikula moja, akala ya pili. "Hizi nazo? Si mbaya. Umetia nini?"

"Viazi vitamu," Mama Pasi alisema, na hapo hakusema uongo.

"Zina kitu fulani kwa mbali."

"Ni shayiri hiyo," mzee alisema, akitazama dari.

"Nifungie za njiani basi."

Walimfungia sita. Mzee alisimama dirishani hadi pikapu ikakata kona, ndipo akasema, "Sasa hesabu imevurugika kabisa," na akaenda kuwasha redio.

Alasiri Mama Pasi aliponda viazi vingine. Akaloweka dagaa, akawatwanga, akakanda. Alikitafuta kizibo cha chupa, akakishika, kisha akakirudisha. Akapanda kwenye kigoda, akateremsha bati la mkate la mama yake lililokuwa limefunikwa gazeti juu ya kabati, akaushindilia unga wote humo.

Ulitoka mfupi, mzito, umepasuka mgongoni. Shemeji angeuuza pamoja na matofali yake. Aliuweka juu ya ubao mbele ya mzee saa kumi kamili, ukiwa bado na joto, na kisu pembeni. Ule mkate mwingine alikuwa ameshaupeleka kwa jirani.

Mzee aliutazama. "Mkate gani huu?"

"Una kona nne," Mama Pasi alisema. "Wiki nane, Baba. Zinaanza leo."

"Nimesikia."

Akashika kisu. Ganda likalia. Karani akatoka chini ya makoti, akaangalia mlangoni kwanza, kisha akaja kukaa pembeni ya kiti. Mzee alikata kona, nyembamba kama kidole, na mara hii hakutazama dari. Mbwa alinusa. Akamtazama mzee, akanusa tena, akapokea. Mzee alikata kipande cha pili, akakichovya kwenye chai yake.

Karani alilamba sakafu pale palipodondoka chembe. Akakaa. Kisha mguu wa nyuma ukapanda, ukafika karibu na kwapa.

Mama Pasi alikuwa anaifunga pasi kwenye taulo kuukuu kwa ajili ya Jumatatu. Mikono yake ilisimama. Mzee naye alisimamisha kikombe mdomoni. Mguu ulikuwa bado hewani, kucha zimekunjuliwa, na mbwa alikuwa anatazama mbele, kama aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.