Vimito vya Hedifoni ya Baba

Maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai ya strungi.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye veranda yetu pale Gatongora, beseni mbele yangu, nikiviminya vile vimito viwili vya kitambaa nilivyovibandua kwenye hedifoni ya Baba. Ni kuminya tu. Ukivikamua kama soksi, kitambaa kinavutika na hakirudi tena. Maji yawe vuguvugu, sabuni iwe shampuu ya mtoto. Baba alikaa kwenye stuli mlangoni akiitazama mikono yangu, kama mtu aliyeleta mgonjwa wake kwa daktari.

"Zitapona?" aliuliza.

Niligeuka kumtazama kabla ya kujibu. Nyumbani kwetu sote tulikuwa na mazoea hayo.

"Zitapona, Baba."

Hedifoni hiyo Baba alinunuliwa na Mama, mtumba, sokoni Thika, alipostaafu kazi ya kiwanda cha nguo. Kelele za redio yake zilikuwa zimewashinda wapangaji wa ploti nzima. Ngendo, jirani yetu wa mlango wa pili, alivumilia wee, mwisho akaja na kusema, "Baba Ajwang, hata kuku wangu sasa wanajua bei ya mafuta." Tulicheka sana siku hiyo. Tuliona ni ukaidi wa wazee, Mama akatafuta dawa yake, yakaisha.

Nani angeshuku lolote? Ukimwuliza Baba swali, alikujibu. Alikuwa amefuma nguo tangu ujana wake, katikati ya mitambo inayonguruma hivi kwamba hata ukimpigia mtu kelele sikioni hakusikii. Wafumaji waliongea kwa midomo. Walitamka maneno bila kutoa sauti, wakilivuta kila neno, na mwenzao wa mtambo wa pili akayasoma. Baba aliileta lugha hiyo nyumbani na kutufundisha kama mchezo. Yeye na Mama waliwasengenya wageni kwa lugha hiyo, wageni wenyewe wakiwa palepale wakinywa chai yetu.

Kisha Mama akatutoka, msimu wa mvua ndefu. Katika simu ya Baba ilibaki sauti yake moja. Mama hakupenda kuandika ujumbe. Alisema herufi za simu ni za watu wasio na kazi. Alirekodi tu. Hii aliirekodi akiwa Ngoliba, kwenye shamba alilokodi la ndengu, akilalamika kuhusu ndege, akimkumbusha Baba kufunika maji ya kunywa, akimkemea kwa kosa ambalo bado hajalifanya. Kila siku baada ya chakula cha mchana Baba alivaa hedifoni akakemewa, na uso wake ukatulia.

Siku moja akaniambia, "Mama yako anaongea chini siku hizi." Baadaye akasema ananong'ona. Mwisho akaniletea hedifoni akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Hizi sponji zimekwisha, nyathina. Zinakula sauti."

Nyathina, mwanangu. Aliniita hivyo pale tu alipokuwa na ombi zito.

Niliipeleka hedifoni Ruiru kwa Salim, fundi wa simu. Alichomeka, akaweka sikioni, akaitoa upesi.

"Speaker ziko fiti kabisa, siz. Hata zinaumiza masikio." Kisha akauona uso wangu, akashusha sauti. "Lakini pad zimelala. Zikilala, sauti inapotelea kando. Zioshe, halafu shonea kitambaa kipya pale kumeisha. Inaeza saidia."

Nililibeba hilo la mwisho, lile la kwanza nikaliacha kwenye kaunta yake. Nilitaka sana shida iwe ya kitambaa. Kitambaa nakiweza.

Nilivifunga vimito ndani ya taulo, nikakandamiza mpaka maji yakaisha, nikavianika kivulini juu ya chekecheke. Vilipokauka nilipitisha wembe juujuu, nikanyoa vile vidonge vya nyuzi vinavyoota kwenye nguo kuukuu. Sehemu zinazogusa sikio zilikuwa zimetoboka. Nilileta kipande cha khaki ya kiwandani. Baba alikisugua kwa kidole gumba, akakirudisha.

"Hii ni ya suruali. Itamkwaruza mtu."

Aliingia ndani, akarudi na fulana ya Mama ya kanisani. Aliivuta kwa urefu, akaivuta kwa upana. "Hii inakubali pande zote. Kata mgongoni, mbele kumechoka." Nilikata pale alipoonyesha, naye akageukia barabara hadi mkasi ulipomaliza.

Jumapili hiyo mchana alivaa. Vimito vilikaa vyema, vimejaa. Alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Eeh. Sasa namsikia. Yuko wazi kabisa."

Sikuwa nimefurahi hivyo tangu mazishi. Niliinama kuokota vipande vya uzi mkekani, na hapo ndipo nilipoiona pini ya waya wa hedifoni. Ilikuwa imelala sakafuni, haijachomekwa popote. Simu ilikuwa juu ya meza.

"Baba," nikaita. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. "Baba!" Niliita kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara, hata Ngendo akatoka mlangoni kwake kutazama. Baba hakugeuka.

Nikachukua simu, nikachomeka pini, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikabonyeza. Sauti ya Mama ilivuja chini ya kitambaa cha fulana yake mwenyewe, nami nikaisikia kutoka pale mkekani, ndege na ndengu na yote. Niliutazama uso wa Baba. Haukubadilika. Kichwa kiliendelea kutikisika vilevile, hakifuati chochote.

Baba alikuwa amemzika Mama mara mbili, na mara ya pili alikuwa peke yake.

Alipofumbua macho aliuona waya, akaiona simu mkononi mwangu, akanisoma usoni. Hakuna aliyejua kusoma uso kumshinda.

"Umezishona vizuri," alisema. "Sikutaka uone kazi yako imeenda bure."

Aliivua hedifoni, akanivika mimi, akasogeza stuli mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Vaa wewe. Niambie amefika wapi."

Nilirudisha mwanzo. Mama akaanza, nami nikaanza naye, bila sauti, nikilivuta kila neno kama mtu aliyesimama penye mtambo. Baba Ajwang. Ndege wamezidi huku. Umefunika maji? Machozi yalishuka hadi mdomoni, nikayafuta ili midomo ionekane. Nilikuwa nakimbiza maneno, nifike mwisho kabla kilio hakijanishinda. Baba hakupepesa macho. Akainua mkono kidogo.

"Polepole," akasema. "Usimpite."