Jibu Lililotoka Bila Mji

Sesilia wa kijiji cha Gare aliilea blogu yake ya vitendawili mwenyewe, kwenye kompyuta iliyokaa mezani kando ya dirisha. Aliandika, akaitazama yote hapo hapo nyumbani, ikimpendeza ndipo akaipandisha mtandaoni.

Vitendawili vilikuwa vya bibi yake, Bibi Esta, aliyempa sharti moja. "Mjukuu wangu, tega utakavyo. Ila jibu halitoki mpaka mtu akupe mji."

Basi majibu Sesilia aliyaacha kwenye rasimu, ambazo hazipandi mtandaoni. Aliyeshindwa alimtumia ujumbe, "Nakupa Korogwe," naye akamjibu. Kimoja tu hakumjibu mtu, hata angetoa Dodoma nzima: Babu kasimama msituni, jasho lake lanywesha kijiji. Jibu lake ni mkulo wa ukoo, mti mkubwa wa mbao ghali uliobaki peke yake juu ya chemchemi ya bomba lao. Kwenye rasimu aliandika mpaka njia ya kuufikia, asije akaisahau siku bibi akiondoka.

Asubuhi moja ya mvua aliiamuru kompyuta imwonyeshe na rasimu, azisahihishe. Umeme ukaanza kuchezacheza. Akaharakisha kupandisha kitendawili kipya, akasahau kuzificha rasimu. Zikapanda zote.

Siku chache baadaye mwanamume akapiga hodi, buti zimejaa matope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Nimepita kushukuru. Vitendawili vyenu vitamu, hasa kile cha babu na jasho lake."

Bibi Esta akacheka. "Hicho hukiwezi! Nipe mji."

"Mji wa nini, bibi? Si mkulo ule? Natoka kuutazama. Watu watatu hawaukumbatii." Akamgeukia Sesilia. "Kule juu mna mlinzi?"

"Yupo," Sesilia akadanganya.

"Mbona sikumwona?" Akatabasamu, akaaga kwa adabu zote.

Sesilia akaikimbilia kompyuta. Akazificha rasimu, akapandisha upya, akafungua blogu kwa simu. Ukurasa wa mkulo bado upo! Kumbe kupandisha huongeza vipya tu, vya zamani hubaki kule kule. Akautafuta, akaufuta kwa mkono.

"Umetoka, bibi."

"Umetoka wapi? Kichwani mwake?"

Sesilia akampigia simu bwana misitu. Pikipiki haipandi kwenye utelezi huu, akaambiwa, mvua ikikatika atakuja. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na ndani ya ukungu huo, upande wa chemchemi, msumeno wa mashine ukaguruma, ukanyamaza, ukaguruma tena.

Bibi Esta alichukua ndoo zote za nyumba hiyo, na sufuria, na beseni la kufulia, akazipanga bombani. Ya kwanza ilijaa maji meupe. Ya pili haijafika nusu, kitu kizito kikaanguka kule juu, vikombe vikalia kabatini.

Maji yakaja mekundu kwa tope.

"Kinga tu, mama," bibi alisema. "Kinga."